Istilahi Mbele ya Jaribio: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Fizikia

Miezi michache iliyopita tuliletewa rasimu ya tafsiri, kurasa sita zilizopigwa chapa, tukaombwa tuzipitie istilahi zake kabla hazijagawiwa wanafunzi. Mfasiri ni mwalimu wa fizikia, mtu aijuaye sayansi yake na akipendaye Kiswahili. Kurasa zenyewe zaeleza jinsi wataalamu wanavyopima spektra ya ufyonzaji, katika eneo la urujuanimno, ya mvuke wa metali ulioayonishwa kwa leza. Tulidhani kazi ingetuchukua nusu siku, kwani takriban kila neno kuu lililomo limekwisha kupata Kiswahili chake katika orodha moja au nyingine. Ilituchukua wiki mbili, na sababu ya kuchukua muda huo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, istilahi nyingi zimewafikia wananchi kwa njia ya orodha: neno la kigeni kushoto, la Kiswahili kulia, kwa utaratibu wa alfabeti. Hatuidharau njia hiyo. Bila orodha hizo hata rasimu hii isingaliandikwa. Lakini neno lililo katika orodha halina jirani. Halijaulizwa kama litakubali kunyambuliwa, wala kama litaelewana na neno lililoundwa na kamati nyingine katika mwaka mwingine. Jaribio la kisayansi hukusanya maneno kumi na mawili katika sentensi tatu na kuyalazimisha yaishi pamoja. Hapo ndipo ugomvi unapojitokeza.

Yafaa kwanza tulieleze jaribio lenyewe, maana hatuwezi kuhakiki maneno ya kitu tusichokijua. Mwaka 1976 Thomas Lucatorto na Thomas McIlrath, wakifanya kazi katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani (ambayo tangu 1988 ina jina jingine), walipasha moto sodiamu mpaka ikatoa mvuke, kisha wakaupitishia mvuke huo mpwito mfupi wa leza iliyolinganishwa na mstari wa manjano wa sodiamu, ulio kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi. Karibu atomu zote za sodiamu zilizokuwa katika njia ya leza zikapoteza elektroni moja moja, zikawa ayoni. Mara hiyo hiyo ukamulikwa ndani ya safu hiyo ya ayoni mwako wa nuru ya urujuanimno wenye spektra isiyokatika, na nuru iliyotoka upande wa pili ikatawanywa na kurekodiwa. Urefu wa wimbi uliokosekana, au uliopungua, ndio uliofyonzwa na ayoni. Zamani ilikuwa vigumu kupata ayoni nyingi namna hiyo zilizo safi na tulivu, kwa sababu cheche na matao ya umeme huchanganya kila kitu: atomu, ayoni za daraja mbalimbali, na nuru yake yenyewe inayofunika ile unayotaka kuipima.

Sasa tuitazame rasimu.

Kosa la kwanza ni la wazi, na mfasiri alilikiri mara moja. Katika ukurasa wa kwanza ameandika "mvuke wa chuma", katika wa tatu "mvuke wa madini", na katika wa tano "mvuke wa metali". Tunajua chanzo cha kuyumba huku. Katika mazungumzo ya kila siku chuma ni kila kitu kigumu kilichofuliwa, na madini ni kila kitu cha thamani kilichochimbwa. Lakini mwanafunzi wa kemia anajua kwamba chuma ni elementi moja yenye alama ya Fe, na kwamba madini yaweza kuwa chumvi au jiwe. Mvuke wa chuma ni kitu kipo, tena kinahitaji joto kali mno. Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi na kuchemka kwenye nyuzi 883. Mwanafunzi atakayeamini ukurasa wa kwanza atakuwa anaunda katika akili yake tanuri lisilo hili. Hapa "metali" haina mshindani.

Kuhusu jina la sodiamu tuna maneno machache. Wapo wanaoandika "natiri", na hoja yao si ya kupuuzwa: mwanafunzi anayefundishwa sodiamu huuliza herufi Na zimetoka wapi, na mwalimu hana la kumjibu ila kumpeleka kwenye Kilatini. Anayefundishwa natiri hana swali hilo, na akitazama ramani ataliona Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania, na ng'ambo ya mpaka Ziwa Magadi, ambalo jina lake ni neno letu wenyewe la mata hiyo hiyo ya sodiamu, ile itiwayo katika maharagwe yalainike. Hata hivyo vitabu vingi vya shule vimekwisha kushika sodiamu. Tumeiacha kama ilivyo, kwa masikitiko kidogo.

Neno "mvuke" lilitupa shida ya namna nyingine. Halina kosa la kisayansi. Lina picha mbaya. Mvuke tunaoujua jikoni ni ule mweupe utokao sufuriani, na huo, kwa hakika, ni matone madogo ya maji ambayo yamekwisha kurudi kuwa majimaji. Mvuke wa sodiamu hauonekani namna hiyo. Mfasiri, akivutwa na picha ya sufuria, ameongeza neno lisilokuwamo katika asili yake na kusema "mvuke mweupe wa metali". Tulimshauri aondoe weupe na badala yake awakumbushe wanafunzi vitu viwili ambavyo wamevijua tangu utoto: taa za barabarani za manjano, zilizofanya kazi kwa umeme kupita katika mvuke wa sodiamu, na chumvi ikimwagika motoni, jinsi ulimi wa moto unavyogeuka manjano kwa nukta chache. Manjano ile ya jikoni ndiyo nanomita 589 za maabara. Neno likisimama juu ya mfano wa kweli hata "mvuke" latosha.

Tufike kwenye jambo lililotuweka muda mrefu kuliko yote, nalo ni kiunganishi kidogo. Mfasiri ameandika, kila mahali, "mvuke ulioayonishwa na leza". Wasomaji wengi hawataona tatizo. Lakini Kiswahili hakisemi kitu kimoja kinaposema "na" na kinaposema "kwa" baada ya kitenzi cha kutendwa. Mti umekatwa na Juma kwa shoka. Wa kwanza ni mtenda, wa pili ni chombo. Ni kweli kwamba nguvu za maumbile tunazipa heshima ya mtenda, tukasema nguo zimekaushwa na jua au shamba limeharibiwa na mvua. Basi kwa nini leza isiwe na heshima hiyo?

Jibu limo katika hesabu. Fotoni moja ya nuru ya manjano ya sodiamu ina nishati ya elektronivolti 2.1. Ili kuing'oa elektroni ya nje katika atomu ya sodiamu iliyotulia zatakiwa elektronivolti 5.14. Fotoni moja haitoshi, wala mbili hazitoshi. Leza basi haiing'oi elektroni. Kazi yake kubwa ni kuzisisimua atomu, yaani kuzipandisha hadi daraja la juu lenye nishati hiyo ya 2.1. Zikishapanda, elektroni chache huru zilizomo ndani ya mvuke hugongana na atomu zilizosisimka, na atomu hizo, badala ya kutoa nuru, huikabidhi elektroni nishati yake yote na kushuka. Elektroni iliyopokea mara mbili ina zaidi ya elektronivolti 4, na atomu iliyokwisha kusisimka yahitaji 3.04 tu ili iachane na elektroni yake. Ikigongwa, inaachana. Elektroni mpya nayo inaingia mtaani kutafuta atomu zilizosisimka, na idadi inaongezeka kwa kasi mpaka mvuke wote uwe ayoni, wakati huo leza ikiendelea kuzipandisha tena atomu zilizoshuka.

Kwa hiyo mtenda ni elektroni. Leza ni mwenye ghala anayetoa posho. Mwenye kuandika "ulioayonishwa na leza" amemwambia mwanafunzi kwamba fotoni zimezipiga atomu na kuzivunja, na mwanafunzi mwerevu atakayefanya hesabu tuliyoifanya hapa juu atahitimisha kwamba kitabu kimekosea au kwamba yeye hajui kugawanya. Mwenye kuandika "kwa leza" hajasema uwongo: leza imetumika. Tena tofauti hiyo itatufaa baadaye, kwa sababu yapo majaribio mengine ambamo fotoni za leza zenyewe, moja yenye nguvu au kadhaa kwa pamoja, ndizo ziitoazo elektroni katika atomu, na huko "na leza" itakuwa ndiyo kauli sahihi. Lugha yetu imetupa bure tofauti ambayo mwenye lugha nyingine hulazimika kuieleza kwa sentensi nzima. Ni hasara kuitupa.

Kwa neno "leza" lenyewe hatuna la kusema, isipokuwa kwamba limeingia bila kelele. Ni kifupisho cha maneno ya kigeni, na leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960. Hakuna aliyeona haja ya kukifasiri kifupisho, na twadhani ilikuwa heri. (Majirani zetu kadhaa wa upande wa Zambia huenda wakatabasamu, kwani kwao Leza ni jina la Mungu.)

Mfasiri anasitasita kati ya "ioni" na "ayoni". Tumeona mabishano marefu juu ya jambo hili, mmoja akitetea maandishi na mwingine akitetea matamshi, kana kwamba neno litaishi maisha yake yote kama nomino. Faraday alipolianza kulitumia mwaka 1834 alilichukua katika Kigiriki, kutoka kitenzi chenye maana ya kwenda. Nasi tulipime kwa kitenzi. Kutokana na ayoni twapata "ayonisha", "ayonishwa", "uayonishaji", na mdomo haukwami popote. Kutokana na ioni twapata "uionishaji", ambalo mwanafunzi atalisoma kama linatokana na kuona, na "kuionisha", ambalo hata sisi tulilisoma hivyo mara ya kwanza. Orodha iliyoweka nomino peke yake haikuweza kuliona hilo. Tungependekeza kwamba kamati yo yote inayopitisha nomino ya kigeni ilazimike kuandika kando yake kitenzi chake, kutendwa kwake na kutendesha kwake, kabla ya kupiga muhuri.

Sasa "urujuanimno". Hapa twaomba uvumilivu, maana neno limeenea, nasi hatuna nia ya kuling'oa. Urujuani ni rangi, jina lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Kiambishi "-mno" katika Kiswahili ni cha kiasi: tamu mno, ghali mno. Urujuanimno basi, kwa sikio la Mswahili ambaye hajaenda maabara, ni urujuani uliokolea kupita kiasi. Lakini Ritter, alipoyagundua mambo haya mwaka 1801, hakuona urujuani uliokolea. Hakuona kitu. Aliweka kloridi ya fedha mahali penye giza, ng'ambo ya pale rangi ya urujuani ilipokoma, na dawa ikageuka nyeusi upesi kuliko mahali penye rangi. Jina la kigeni lasema mahali. Jina letu lasema kiasi. Mwalimu mmoja alituonyesha daftari la mwanafunzi aliyechora miale hiyo kwa kalamu ya zambarau iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka, na hatukuona sababu ya kumlaumu mtoto.

Tumekutana pia na umbo la "kiukaurujuani", lenye kutaja mahali. Kwa maana ni bora. Kwa masikio ya mtumishi wa serikali, ambaye kila siku anasoma juu ya kukiuka sheria na kukiuka taratibu, lina harufu ya kesi.

Tungaliweza kunyamaza na kuliacha urujuanimno liendelee, kama lisingalikuwa na watoto. Jaribio hili halifanyiki katika urujuanimno wa kawaida, ule uchomao ngozi. Ayoni ya sodiamu ina mpangilio wa elektroni kama wa neoni, umefungwa imara, na mistari yake mikuu ya kwanza ya ufyonzaji iko karibu na nanomita 37, na mwisho wa mistari yake uko karibu na nanomita 26. Eneo hilo ni la mbali sana, nalo lina jina lake maalumu katika sayansi. Mfasiri, akifuata orodha kwa uaminifu, amelazimika kuandika "urujuanimno mno". Tulicheka, kisha tukaona kwamba kucheka si haki, kwa kuwa yeye hakukosea; neno ndilo lililomwangusha. Neno lenye kiasi ndani yake halikubali kiasi kingine juu yake. Pendekezo letu ni kwamba urujuanimno libaki, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka, lakini migawanyo yake itajwe kwa mahali: "urujuanimno wa karibu", "urujuanimno wa mbali", na kwa eneo hili la jaribio letu, "urujuanimno wa upeo".

Limo jina jingine, la sehemu ile ambayo hewa huifyonza nuru hata chombo chote hulazimika kutolewa hewa. Rasimu inaiita "urujuanimno wa utupu". Mwalimu ye yote aliyewahi kusimama mbele ya darasa la vijana anajua neno utupu litafanya nini. "Ombwe" lipo, ni zuri, na halimvui mtu nguo. Hata hivyo hata "urujuanimno wa ombwe" huhitaji maelezo, kwa maana msomaji aweza kufikiri kwamba miale inatoka katika ombwe, ilhali maana yake ni kwamba haiwezi kusafiri ila katika ombwe.

Kuhusu "ufyonzaji" hatuna ugomvi na rasimu ila mahali pawili ambapo "unyonyaji" umejipenyeza. Kufyonza na kunyonya ni ndugu, lakini tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 unyonyaji una kazi nyingine na hauna nafasi ya kufanya kazi ya fizikia. Jambo zito zaidi ni kwamba mfasiri anaandika "mistari myeusi ya ufyonzaji" kisha, kurasa mbili mbele, anaeleza bamba la picha ambalo juu yake mistari hiyo ni myeupe. Yote mawili ni kweli. Tangu Fraunhofer alipoichora mistari ya jua mwaka 1814, na mmojawapo ukiwa huu huu wa sodiamu, jicho limeiona kuwa ni giza ndani ya nuru. Lakini bamba la picha ni hasi: penye nuru huwa peusi, na pasipo nuru hubaki peupe. Mwanafunzi asiyeambiwa hilo atadhani ni vitu viwili. Tulipendekeza "mistari ya upungufu" pale panapozungumzwa juu ya nuru, na rangi zitajwe tu pale panapozungumzwa juu ya bamba.

Hapo ndipo pia kitenzi "kupima" kinapotakiwa kulindwa. Hatupimi spektra ya ufyonzaji kama tunavyopima unga. Tunarekodi nuru mara mbili, mara moja mvuke ukiwapo na mara nyingine usipokuwapo, kisha tunalinganisha. Kinachopimwa ni kisichofika. Rasimu imeirusha hatua ya kulinganisha kwa sababu neno "kupima" liliifanya ionekane si ya lazima.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuyashughulikie haya katika kurasa hizi. Tume ya Rais iliyotoa ripoti yake mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985. Halikutekelezwa, na hoja moja iliyorudiwa tangu siku zile ni kwamba istilahi hazipo. Rasimu hii yaonyesha kwamba zipo. Waliopinga walikuwa na hoja nyingine ambayo hawakuisema, nayo ni kwamba hazijajaribiwa zikiwa pamoja. Na hiyo hatuwezi kuikanusha kwa kuchapa orodha nyingine.

Limebaki neno moja ambalo hatujalimaliza. Mwaka 1981 Lucatorto na McIlrath, pamoja na Sugar na Younger, walitoa matokeo ya njia hii hii juu ya bariamu. Katika atomu ya bariamu, na katika ayoni iliyopoteza elektroni moja, ufyonzaji wa elektroni fulani za ndani huonekana katika mchoro kama kilima kimoja kipana. Ikipotea elektroni ya pili, kilima huvunjika kikawa mistari mikali iliyotengana. Kilima hicho rasimu inakiita "mwangwi mkubwa". Mwangwi ni sauti inayorudi, na hapa hakuna kinachorudi. Atomu inaikubali nuru ya nishati fulani kwa nguvu zote, kama waya wa udi unavyotetemeka wenyewe unapopigwa waya wa jirani uliolinganishwa nao. Tulifikiria "mvumo", tukaona ni wa sauti pia. Tulifikiria "mwitiko", ambao angalau una wawili ndani yake, mwenye kuita na mwenye kuitika, na ambao ungetufaa pia kwa ule mstari wa manjano ambao leza ililinganishwa nao. Lakini mwitiko tayari unatumiwa kwa mambo mengine ya vipimo, na kamati ya fizikia haijaulizwa. Rasimu tumemrudishia mfasiri. "Mwangwi mkubwa" tumeukata kwa wino, na pembeni tumeandika "mwitiko mkuu" kwa kalamu ya risasi.